Mama mkwe anakoleza sufuria nikigeuka, na mume wangu ana presha

Shangazi, salaam.

Nakuandikia kutoka Jinja. Mimi ni mzaliwa wa Bombo, mume wangu ni mtu wa Kasese, na hapa nyumbani Kiswahili ndicho kinachotukutanisha sote. Mzee wangu ana miaka 47, anaendesha lori la mizigo kutoka Malaba hadi Kampala, mara nyingine mpaka Elegu. Tuna watoto wanne. Mama yake anaishi nasi tangu mwaka juzi.

Miezi michache iliyopita tulimpeleka mtoto kituo cha afya, ana malaria. Muuguzi alikuwa anawapima presha watu wazima wote waliokuwa wamekaa kwenye benchi, na mzee akapimwa. Ikasoma 172 kwa 106. Wakampumzisha, wakapima tena, ikashuka kidogo tu. Wakampima mkojo, wakasema una protini. Akaandikiwa vidonge vya presha, amlodipini na losartani, akaambiwa apunguze chumvi na arudi baada ya mwezi. Hajarudi mpaka leo. Anasema hasikii chochote, kichwa hakimuumi. Vidonge anameza siku anazojisikia vibaya. Analolalamikia yeye ni mgongo, na kila akianza safari hupitia duka la dawa kununua diklofenaki. Jioni vifundo vya miguu huvimba, anasema ni kwa sababu ya kukaa sana kwenye lori.

Mimi siku ile ile nilirudi nyumbani nikatoa chumvi. Sufuria yake nikaitenga, naipika bila chumvi kabisa. Hapo ndipo vita vilipoanza. Mama mkwe ni mtu wa Katwe, kwenye ziwa la chumvi kule Kasese. Wazazi wake walikuwa na vidimbwi vyao pale ziwani, amekua akivuna chumvi. Anasema nampikia mwanawe chakula cha mahututi. Nikigeuka tu, anatia chumvi yake, ile ya mawe anayoletewa kutoka nyumbani kwenye kifuko. Nikisema neno, ananijibu kwamba hiyo ni chumvi ya Mungu, haina kemikali, na yeye ana miaka 70 na zaidi, ameila tangu utotoni na figo hazijamuuma. Maharage na sombe (majani ya muhogo) hapiki bila magadi. Mzee naye akiletewa chakula changu anakula matonge mawili anasema ameshiba. Najua ameshakula njiani, kuku wa kuchoma wa soko la barabarani la Namawojjolo, au rolex, ile chapati inayoviringishwa na mayai.

Naomba unijibu. Ni kweli chumvi ndiyo inayoleta haya, au daktari alisema tu kama wanavyosema kwa kila mtu? Chumvi ya Katwe ina tofauti gani na ya dukani? Nimeona kwenye supamaketi chumvi ya "sodiamu kidogo", bei yake kubwa, ninunue? Na mama nimwambieje bila kuvunja nyumba?

Mke wa Dereva, Jinja

*

Mwanangu,

Maswali yako nitayajibu, lakini kwanza tuzungumzie kidonge cha mgongo. Umekitaja kwa kupita tu, na katika barua yako nzima hakuna kilichonishtua zaidi.

Diklofenaki, pamoja na ibuprofeni na ndugu zake, hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Pia huufanya mwili ushikilie chumvi na maji, presha ikapanda, na dawa za presha zikapungua nguvu. Mtu mzima mwenye figo nzuri akimeza siku mbili tatu kwa ajili ya jino huenda asipate shida. Mumeo ana presha ya 172, ana protini kwenye mkojo, na ameandikiwa losartani. Mtu kama huyo kumeza diklofenaki kila safari ni kuziumiza figo zake mwenyewe. Aache. Mgongo ukiuma atumie parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa, asimamishe lori kila baada ya saa chache atembee, na daktari aelezwe habari za mgongo huo. Na asidanganywe na vidonge vya maumivu vinavyoyeyushwa kwenye glasi ya maji vikatoa povu: vingi vya aina hiyo vina sodiamu nyingi, yaani analikwepa tatizo la chumvi mlangoni linamwingilia dirishani.

Sasa chumvi. Daktari hakusema kwa mazoea.

Kinachofanya kazi ndani ya chumvi ni sodiamu. Sodiamu ikizidi kwenye damu huvuta maji, damu inaongezeka ujazo, na mishipa ni ile ile, kwa hiyo msukumo unapanda. Kazi ya kuitoa ni ya figo. Kila siku figo mbili za mtu mzima huchuja kama lita 180 za majimaji ya damu, karibu yote yakarudishwa mwilini, na yanayobaki ndiyo mkojo. Chumvi ikiwa nyingi kila siku, figo huhitaji msukumo mkubwa zaidi ili kuisukuma nje, na mwili unakubali kuishi na presha ya juu ili hesabu zilingane. Kumbe vichujio vyenyewe ni mishipa midogo mno, na msukumo huo huo ndio unaoivunja. Inakakamaa, inapata makovu, mingine inafunga. Kichujio cha chai kikichanika majani huingia kikombeni. Cha figo kikiharibika, protini ambayo ingebaki kwenye damu hupita kwenye mkojo. Ndiyo hiyo waliyoiona kituoni.

Hapo mambo hugeuka mduara. Figo iliyopoteza vichujio inashindwa kutoa chumvi kama zamani, chumvi ikibaki presha inapanda, presha ikipanda vichujio vingine vinakufa. Na haya yote hayaumi. Mama mkwe wako anasema figo zake hazijamuuma. Za mwanawe pia hazimuumi. Figo inaweza kupoteza zaidi ya nusu ya kazi yake mtu akiwa bado anapakia mizigo na kucheka na wenzake pale Malaba. Kwa hiyo kumeza vidonge "siku anazojisikia vibaya" ni kutovimeza. Presha haijisikii. Inapimwa.

Nikwambie ukweli mwingine usije ukaibebesha chumvi kila kitu. Mtu mwenye presha akipunguza kama gramu 4 za chumvi kwa siku, namba ya juu hushuka kwa wastani wa pointi 5 hivi. Kwa wengine hushuka zaidi, maana miili haifanani, na watu wenye asili ya Afrika wengi wao wako upande wa wale ambao presha yao huitikia chumvi sana. Lakini kutoka 172 hadi chini ya 140 hutamfikisha kwa sufuria peke yake. Vidonge ni vya kila siku, akiwa Jinja au Elegu. Chumvi ikipungua vidonge hivyo hufanya kazi vizuri zaidi, hasa losartani, ambayo pia huzilinda figo zinazovuja protini.

Kiasi kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa mtu mzima kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa juu. Hicho ni cha siku nzima, kikijumlisha mkate, chapati, mchuzi na ile unayonyunyiza. Ulimwengu kwa wastani unakula karibu mara mbili ya hapo.

Najua hakuna anayepika kwa kupima gramu, kwa hiyo nakupa hesabu ya paketi. Nyumbani mko saba. Saba mara gramu 5 ni gramu 35 kwa siku. Paketi ya nusu kilo, kwa kiasi hicho, inatakiwa idumu wiki mbili. Andika tarehe kwa kalamu juu ya paketi siku unayoifungua. Ikiisha kwa wiki moja, mnakula gramu 10 kila mmoja, na hapo sijahesabu mkate wa dukani wala ile ya mawe. Tena mzee yuko njiani siku nyingi na watoto wanahitaji kidogo kuliko watu wazima, kwa hiyo kwenu hata wiki mbili ni fupi. Chumvi ya mama nayo ipimwe: mpelekee muuza duka kifuko aweke kwenye mizani yake, uandike, na baada ya wiki upime tena. Fanya hivyo kabla hujabadilisha chochote, ujue mnaanzia wapi. Nyumba nyingi zinazoniapia kwamba "sisi hatuli chumvi nyingi" hunyamaza siku paketi inapoisha.

Kuhusu chumvi ya Katwe nitasema kwa heshima, kwa sababu watu wamesomesha watoto kwa chumvi ile na imefika Kongo na Rwanda kabla hata barabara hazijawekwa lami. Ila mbele ya figo chumvi ni chumvi. Ile ya ziwani sehemu yake kubwa ni sodiamu na kloridi kama ya dukani, ikiwa na madini mengine kama kaboneti na salfeti, na ndiyo maana vuno moja huwa la chakula na lingine la ng'ombe kulamba. Kuwa ya asili hakuipunguzii sodiamu. Tena ina upungufu mmoja ambao ya dukani haina: ya paketi imetiwa iodini, ya mawe haijatiwa. Una watoto wanne wanaokua, na iodini ndiyo inayowakinga na rovu la shingo na kuwasaidia akili kukua. Kwa hiyo pikia ya paketi, kidogo.

Na magadi je? Magadi nayo ni sodiamu, imeungana na kaboneti badala ya kloridi. Ulimi hauoni chumvi, kwa hiyo mpishi anatia magadi maharage yalainike kisha anatia chumvi yapate ladha, na sodiamu imeingia mara mbili. Maharage loweka usiku kucha, mwaga maji, pika kwa maji mapya, yataiva bila magadi. Sombe ikitwangwa sawasawa na kuchemshwa vya kutosha inalainika yenyewe, na karanga zilizosagwa huipa utamu. Unga wa mchuzi wa pakiti na vile vijitofali vya supu navyo viangalie: soma orodha ya viungo, chumvi mara nyingi ndiyo ya kwanza. Lebo ikitaja sodiamu badala ya chumvi, zidisha kwa 2.5 upate chumvi.

Ile ya "sodiamu kidogo" ya supamaketi usinunue kwanza. Si kwamba ni mbaya. Nchini China watu kama 21,000 walifuatiliwa kwa miaka karibu mitano, na matokeo yalipotoka 2021 waliopewa chumvi ya aina hiyo walipata kiharusi kwa asilimia 14 pungufu kuliko waliobaki na ya kawaida. Tatizo ni kwamba sodiamu iliyotolewa hubadilishwa na potasiamu, na wenye ugonjwa mkubwa wa figo hawakuingizwa kwenye utafiti ule. Figo dhaifu hushindwa kutoa potasiamu, losartani nayo huibakisha mwilini, na potasiamu ikipanda sana moyo unaweza kusimama. Damu ya mzee ipimwe kreatinini, inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, na potasiamu, daktari akiruhusu ndipo ununue. Matooke, maharage na parachichi aendelee kula kama kawaida mpaka majibu yatoke, ndipo daktari aseme kama kuna cha kupunguza.

Sasa wewe. Sufuria ya pembeni isiyo na chumvi kabisa iondoe leo. Mtu aliyezoea chakula kilichokolea ukimpelekea posho (ugali) na maharage chapwa, atakula matonge mawili na kwenda kushibia barabarani, na barabarani hakuna anayempimia. Namawojjolo nimepita mara nyingi: gari halijasimama vizuri, vijiti vya kuku vimeshajaa dirishani, na ukinunua unaongezewa chumvi nyingine kwenye karatasi. Rolex nayo, unga wa chapati una chumvi, mayai yanatiwa chumvi, nyanya inanyunyiziwa chumvi. Ulimwondolea gramu mbili nyumbani, akaenda kuongeza tano.

Wote mle sufuria moja, watoto na bibi yao pia, na chumvi ipungue polepole. Wiki hii toa robo ya unachotia, baada ya wiki mbili robo nyingine. Ulimi hujifunza ndani ya wiki chache hivi, na baadaye chakula cha zamani atakiona kikali. Tia chumvi mwishoni, chakula kikiwa kimeiva, maana kidogo cha mwisho huonekana zaidi kuliko kingi cha mwanzo kilichozama. Kitunguu kikaangwe mpaka kiwe rangi ya dhahabu, weka nyanya, tangawizi, kitunguu saumu, na ndimu ikamuliwe mezani. Kopo la chumvi lisikae mezani. Samaki wa chumvi alowekwe na maji yamwagwe, au mnunue mukene (dagaa) wa kukaushwa juani bila chumvi. Na mzee mfungie cha njiani. Akilazimika kununua, gonja (ndizi tamu za kuchoma) au mahindi ya kuchoma ni afadhali, na kama ni kuku, aseme mapema asinyunyiziwe.

Hilo la mama mkwe, mwanangu, umelibeba wewe na halikuwa lako. Mkaza mwana kumwambia mama mkwe kwamba chumvi ya kwao inaua, unategemea ajibu nini? Chumvi ile ni wazazi wake, ni jasho lake. Aliyepimwa presha ni mwanawe, na mwanawe ndiye wa kumwambia. Amketishe jioni, amwonyeshe kile kikaratasi cha kituo, amwambie kwa mdomo wake: "Mama, mkojo wangu una protini, figo zangu zimeanza kuumia, naomba unisaidie." Mama anayetia chumvi kwa siri ili mwanawe ale ni mama anayempenda mwanawe. Akilisikia neno "figo" kutoka kwake atasikia tofauti na akilisikia kwako. Baada ya hapo mkabidhi yeye kijiko. Ndiyo, yeye mwenyewe. Kila asubuhi akipimie jiko lote chumvi ya siku, vijiko vya chai visivyozidi idadi mliyokubaliana, na kikiisha kimeisha. Mtu aliyekua akivuna chumvi anajua kuitunza kuliko wewe na mimi.

Hoja yake kwamba ameila maisha yake yote na ni mzima ina jibu, ila usimpe kama ushindi. Alikulia kwenye ndizi, viazi na mboga za shambani, vyenye potasiamu nyingi, na chumvi aliyokula ilikuwa ile ya chunguni basi. Kuna utafiti uliochapishwa 1990 juu ya Waluo wa magharibi mwa Kenya waliohamia Nairobi. Walifuatiliwa tangu wanafika, na presha yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao waliobaki vijijini, nao mkojo wao ukawa na sodiamu zaidi na potasiamu kidogo. Watu walewale, jamii ileile, chakula kikabadilika. Mwanawe anaishi barabarani, hali chakula cha utoto wa mama yake. Halafu, je, mama mwenyewe amepimwa lini? Katika umri huo presha ni kitu cha kawaida sana. Mpeleke naye, na wewe upimwe mkiwa huko huko.

Kuvimba kwa miguu usikubali kwamba ni lori tu. Inaweza kuwa figo zinashindwa kutoa maji. Inaweza pia kuwa amlodipini, ambayo huvimbisha vifundo vya baadhi ya watu, na daktari anaweza kubadilisha kipimo au dawa. Asiache mwenyewe kwa sababu hiyo. Akipata maumivu ya kifua, pumzi kubana akilala, mdomo kupinda, mkono au mguu kupoteza nguvu, kuona ukungu, au mkojo kupungua sana, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama lori lina mzigo wa mtu.

Wiki hii, kabla hajapakia tena, nendeni hospitali ya rufaa hapo Jinja. Apimwe presha akiwa ameketi dakika tano bila kuongea, mkojo urudiwe kwa sababu protini ya mara moja inaweza kutokana na homa au kazi ngumu, apimwe kreatinini na sukari pia. Akileta ukaidi, mwambie figo zikifa, mashine ya kusafisha damu pale hospitali ya Kiruddu, Kampala, ni mara mbili au tatu kwa wiki, kila mara kama saa nne, na mwenye lori hamsubiri dereva wa namna hiyo. Bebeni vidonge vyake vyote kwenye mfuko mmoja, vya presha, vya mgongo, na dawa za miti shamba kama zipo, mvimwage mezani mbele ya daktari.